Vinyeti, plake na asiransi: nani analipa, nani analindwa?

Kila mwaka, wakati wa vinyeti unapofika na polisi wa rulaje wanapoongezeka kwenye njia panda za miji yetu, swali moja linatufikia sisi wachungaji baada ya ibada. Wanaouliza ni wamotari, ni mashofere wa taksi, ni akina mama wanaochanga pesa ili kukodi Fuso ya kupeleka mihogo na maharagi sokoni. Wanasema: "Mchungaji, malipo haya yote ni ya haki? Na kama si ya haki, Mkristo anaruhusiwa kukataa?"

Swali hili si dogo. Kwa kijana mwenye pikipiki moja, karatasi hizo zinaweza kula karo ya watoto wake. Na kwa mtoto aliyegongwa akitoka shuleni, karatasi moja kati ya hizo inaweza kuamua kama mguu wake utatunzwa vizuri au hautatunzwa. Ndiyo maana tumeona vema kujibu polepole: kwanza kueleza kila malipo ni kitu gani, kisha kutazama Maandiko yanapima haki namna gani, na mwisho kusema parokia zetu zinaweza kufanya nini.

Makaratasi mengi, maana mbalimbali

Barabarani tunaziita zote "makaratasi". Lakini si kitu kimoja, na asiyejua kuzitofautisha hawezi kujua kama ameonewa au hapana.

Vinyeti ni kodi. Msingi wake ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969 iliyoweka kodi ya magari pamoja na kodi nyingine za mali. Mwaka 1988 ikaongezwa kodi ya pekee ya mzunguko wa barabarani, na vyote viwili vinalipwa pamoja. Kiasi chake kinafuata aina ya chombo: gari la watu linapimwa kwa nguvu ya injini, gari la mizigo linapimwa kwa uzito. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 204, inahesabu kodi ya magari kati ya mapato ya jimbo. Kwa hiyo anayeuliza "pesa za vinyeti zilienda wapi?" asianzie Kinshasa. Aulize kwa gavana na kwa wajumbe wa bunge la jimbo, maana hao ndio wanaopitisha bajeti yake.

Plake na karte rozi ni malipo ya kazi iliyofanywa: serikali inaandika kwamba chombo hiki ni cha mtu fulani. Hailipwi kila mwaka. Wengi wanaiona kama pambo, lakini pikipiki ikimgonga mzee usiku na kukimbia, plake ndiyo shahidi pekee aliyebaki.

Peaje na mafuta ni malipo ya kutengeneza barabara. Sheria ya tarehe 7 Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa kitaifa wa kutunza barabara, unaopata pesa hasa kutoka kila litri ya mafuta na kutoka vizuizi vya peaje. Hapa ndipo manung'uniko mengi yanaanzia. Mtu analipa vinyeti, analipa ndani ya mafuta, analipa peaje, halafu gari lake linazama kwenye matope masaa kumi.

Asiransi, ambayo jirani zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita bima, si kodi hata kidogo. Ni mkataba. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 inamlazimisha kila mwenye chombo cha injini kuwa na asiransi ya kulipa madhara atakayowafanyia watu wengine. Kwa karibu miaka 50, tangu SONAS ilipoanzishwa mwaka 1966, shirika hilo moja la serikali ndilo lililouza asiransi nchini. Sheria ya asiransi ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa mashirika mengine, na tangu mwaka 2019 yale ya kibinafsi yakaanza kupata ruhusa. Yote yanasimamiwa na mamlaka iitwayo ARCA.

Amande ni adhabu ya kosa. Inaandikwa na kulipwa kwa njia ya sheria, na karatasi inabaki mkononi mwa aliyelipa. Pesa inayopita dirishani bila karatasi si amande wala si kodi, hata anayeipokea akiwa amevaa mavazi ya kazi.

Jeto ya kila siku ambayo mmotari anatoa kwenye kituo chake mara nyingi ni mchango wa chama. Si kodi ya serikali. Kama ni mchango, basi waliochanga wana haki ya kuona daftari.

Tukishika tofauti hizi, tunaona kwamba swali "Ni haki?" haliwezi kupata jibu moja. Kodi ina kipimo chake, kazi iliyofanywa ina chake, na mkataba wa kulinda watu una chake.

Vipimo vitatu katika Torati

Watu wengi wanadhani Biblia inasema jambo moja tu juu ya malipo: toeni kwa Kaisari. Lakini Torati, iliyopangia watu wa Mungu maisha yao ya kila siku, inatumia vipimo vitatu tofauti, na kila kimoja kina mahali pake.

Kipimo cha kwanza ni usawa wa kiasi. Katika Kutoka 30:11-16, kila mwanaume aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli. Tajiri hakuruhusiwa kuzidisha, maskini hakuruhusiwa kupunguza. Kwa nini? Kwa sababu mbele za Mungu nafsi ya mmoja haikuzidi ya mwingine. Kiasi kilikuwa kidogo, hata asiye na kitu aliweza kukipata.

Kipimo cha pili ni uwezo. Katika Walawi 5:7-11, aliyekosa alileta mwana-kondoo. Asiyeweza kondoo alileta ndege wawili. Asiyeweza hata ndege alileta unga kidogo. Kosa lilikuwa moja, msamaha ulikuwa mmoja, lakini mzigo ulifuata mgongo wa mbebaji. Tukumbuke kwamba wazazi wa Bwana wetu walipompeleka hekaluni walitoa sadaka ya maskini, kama Luka 2:24 inavyotuonyesha.

Kipimo cha tatu ni hatari. Kutoka 21:28-32 inasema juu ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe. Kama ng'ombe hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hahesabiwi hatia. Lakini kama alijulikana kuwa mkali, mwenyewe akaonywa na bado hakumfunga, basi mzigo wote unamwangukia. Kumbukumbu la Torati 22:8 inaongeza: ukijenga nyumba, weka ukuta kwenye dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu yako. Mwenye kitu kinachoweza kuua ana deni kwa jirani hata kabla ya ajali kutokea.

Wazo hili la mwisho ndilo mama wa asiransi ya magari. Pikipiki ni ng'ombe wa siku hizi. Fuso iliyobeba tani nyingi ikishuka Ngomo kati ya Bukavu na Kamanyola ni ng'ombe mkubwa zaidi.

Tupime sasa malipo yetu

Plake inafaa kupimwa kwa kipimo cha kwanza. Kazi ya kuandika chombo kwenye daftari haibadiliki kwa sababu mwenyewe ni mfanyabiashara au mkulima. Haki hapa ni bei iliyo wazi, ndogo kadiri iwezekanavyo, na inayofanana kwa wote. Inapokuwa na bei ya mezani na bei nyingine ya mlangoni, mizani imeharibiwa, na Walawi 19:35-36 inakataa mizani ya namna hiyo.

Vinyeti, kwa kuwa ni kodi, inafaa kupimwa kwa uwezo. Je, kupima kwa nguvu ya injini na kwa uzito kunafuata uwezo wa mtu? Kwa sehemu, ndiyo. Mara nyingi mwenye jipe kubwa ana pesa kuliko mwenye gari dogo. Lakini kipimo hiki hakioni umri wa gari. Gari lililochakaa, lililonunuliwa kwa mkopo wa familia nzima, linaweza kuwa na injini yenye nguvu sawa na gari jipya la tajiri. Tena, hakioni kazi ya chombo: gari la kutembelea na gari linaloleta chakula cha familia tatu yanaweza kuulizwa kiasi kilekile. Hatusemi kwamba kodi hiyo ni dhambi. Tunasema kwamba wajumbe wa jimbo wanaweza kuombwa kuitazama tena, na ombi hilo ni la haki.

Asiransi inafaa kupimwa kwa hatari, lakini hapa inabidi tufikiri zaidi kidogo, kwa sababu hatari ina maana mbili. Kuna hatari ya kuumia, na kuna hatari ya kuumiza. Mmotari anaumia upesi kuliko mtu aliye ndani ya gari. Lakini lori likigongana na pikipiki, mara nyingi aliyeumizwa ni yule wa pikipiki na aliyeumiza ni yule wa lori. Ikiwa asiransi ni ya kulipa madhara kwa wengine, basi haki inataka mzigo uwe mkubwa kwa chombo kinachoweza kuwadhuru wengine zaidi: uzito wake, mwendo wake, idadi ya watu kinachobeba. Udhaifu wa anayekiendesha si kosa la kutozwa.

Tusisahau pia kwamba asiransi hii ya lazima haimlipi dereva mwenyewe. Wamotari wengi wanadhani wamejilinda. Wakivunjika mkono wanakwenda kudai, wanakuta hawakununua ulinzi huo. Wanaona wameibiwa, kumbe hakuna aliyewaeleza siku ya kununua. Kueleza mkataba kabla ya kupokea pesa ni sehemu ya haki.

Wengine wamefanya nini

Nchi nyingine zimejiuliza maswali haya, na majibu yao yanatufundisha.

Tanzania, katika bajeti ya mwaka 2017/2018, ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari, na badala yake ikaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila litri ya mafuta. Faida yake inaonekana: anayetembea sana analipa sana, gari lililoharibika likilala nyumbani halilipi kitu, na hakuna karatasi ya kuulizwa barabarani. Lakini ushuru huo uligusa pia mafuta ya taa, hata kwa nyumba isiyo na gari wala pikipiki. Huku kwetu, mwenye mashine ya kusaga mahindi na mwenye jenereta wangelipia barabara ambayo mashine zao hazipiti. Tena mafuta mengi ya mashariki yanauzwa kwenye chupa na vidumu kando ya njia, na si yote yamepita kwenye meza ya ushuru. Kodi ya mafuta ingewaelemea wanaofuata njia halali na kuwaacha wengine.

Afrika Kusini inatumia njia ya mafuta kwa ajili ya ajali. Sehemu ya bei ya kila litri inaingia katika mfuko unaowalipa walioumia barabarani. Hakuna haja ya kuuliza kama gari lililogonga lilikuwa na karatasi. Wazo ni zuri, ila mfuko huo umebeba madeni makubwa kwa miaka mingi, na waliojeruhiwa wanangoja. Kuchanga peke yake hakutoshi ikiwa usimamizi ni dhaifu.

Nyuzilandi ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1974 kila anayeumia katika ajali anatunzwa bila kuuliza nani ana kosa, na pesa zinatoka, kwa upande wa barabara, kwenye mafuta na kwenye ada ya kila mwaka ya chombo. Mwaka 2009 ilipopendekezwa kupandisha sana ada ya pikipiki kwa sababu waendeshaji wake wanaumia sana, maelfu yao walipanda pikipiki hadi mbele ya bunge mjini Wellington. Hoja yao ilikuwa na nguvu: kama tumekubali kwamba hatuulizi kosa ni la nani, kwa nini mnatutoza sisi kana kwamba kosa ni letu, wakati mara nyingi ni magari yanayotugonga? Upande wa pili ukajibu: kwa nini wenye magari walipie mchezo wa wale wanaopanda pikipiki siku ya mapumziko?

Tunaona basi kwamba hata nchi tajiri, yenye daftari safi, haijamaliza ubishi kati ya kipimo cha hatari na kipimo cha kubebeana mizigo. Kwetu kuna tofauti moja kubwa. Hapa pikipiki si mchezo. Ndiyo ambulansi ya mama mjamzito, ndiyo gari la mwalimu, ndiyo kazi ya kijana aliyekimbia vita kijijini akafika mjini mikono mitupu.

Tazameni kutoka mtaroni

Mpaka hapa tumesema kama walipaji. Lakini katika mfano wa Bwana Yesu, Luka 10, anayetazamwa kwanza si mpita njia mwenye punda. Ni yule aliyelala kando ya barabara.

Shirika la afya la dunia linahesabu watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa kila mwaka barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Sisi wa mashariki hatuhitaji hesabu ya mbali. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira. Mafuta yakamwagika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Tujiulize: ni mwenye lori gani, hata awe tajiri namna gani, angeweza kuzibeba familia hizo zote kwa mfuko wake mwenyewe? Hakuna. Ndiyo sababu ya asiransi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wengi wanatoa kidogo ili siku ya msiba, mmoja asizame na aliyeumizwa asiachwe.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho cha haki ya asiransi si bei yake tu. Ni hiki: je, aliyegongwa analipwa? Asiransi ya bei rahisi isiyolipa mtu ni ghali. Mahali ambapo karatasi inanunuliwa ili kupita kizuizi tu, na wote wawili, anayeuza na anayenunua, wanajua kwamba haitalipa kitu, pale asiransi imegeuka kuwa kodi isiyo na sheria. Walio na haki ya kulalamika kuliko wote ni wale walioumia, lakini wao hawapo kwenye maandamano. Wako kitandani.

Sisi wachungaji tunalijua jambo hili kutoka upande mwingine, kwa kuwa tunaitwa kupatanisha. Mara nyingi mambo yanakwenda hivi: mmotari amemgonga mtoto, wazee wa pande mbili wanakaa, kunaletwa mfuko wa unga, pesa kidogo na maneno ya kuomba radhi, karatasi inatiwa sahihi mbele ya mchungaji, na wote wanaomba pamoja. Baada ya miezi miwili mfupa haujaunga. Hospitali inadai operesheni, na karatasi ya mapatano inasema mambo yamekwisha. Mmotari hana kitu. Shirika la asiransi halikujulishwa hata siku moja. Mtoto anakua akichechemea.

Kusamehe ni amri ya Bwana. Lakini kusamehe mtu si kufuta matunzo ya mtoto. Familia inaweza kumsamehe mmotari kwa moyo wote na bado kudai asiransi ilipe hospitali. Msamaria mwema hakuishia kwenye kufunga vidonda. Alilipa dinari mbili na kumwahidi mwenye nyumba kwamba gharama ikizidi, yeye atarudi kulipa. Upendo wake ulikuwa na bajeti.

Mkristo alipe au akatae?

Mtume Paulo, Waroma 13:7, anatufundisha kumpa kila mtu haki yake, kodi kwa anayestahili kodi. Katiba yetu, kifungu cha 65, inataka kila Mkongomani alipe kodi zake. Lakini Katiba hiyohiyo, kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Maneno haya mawili yanakwenda pamoja. Wajibu wetu unaanza pale sheria inapoanza, na unaishia pale sheria inapoishia.

Yohana Mbatizaji aliwajibu watoza ushuru na askari waliomwuliza wafanye nini, Luka 3:12-14. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kilichoamriwa, wasimwonee mtu, waridhike na mshahara wao. Wako watoza kodi na polisi katika makanisa yetu, wanaimba kwaya na kushiriki meza ya Bwana. Tunajua pia kwamba mishahara yao ni midogo na wakati mwingine haifiki. Kwao tunasema kwa upole na bila kuficha: mia tano ya mmotari bila karatasi ni ya watoto wake. Kudai mshahara wa haki ni jambo jema, na kanisa liko tayari kusema pamoja nanyi. Kuuchukua njiani kwa mnyonge si dawa.

Kwa walipaji tunasema pia: anayekwepa asiransi hamkwepi Kaisari. Anamkwepa mtoto wa jirani. Mkristo anaweza kulalamika juu ya vinyeti, kuandika barua kwa mjumbe wake, kujiunga na wengine kudai maelezo. Lakini kuendesha chombo bila asiransi wakati angeweza kuipata ni kujenga dari bila ukuta. Na kununua karatasi ya uongo ni mabaya mawili kwa pamoja, kwa kuwa inamdanganya polisi leo na kumdanganya mgonjwa kesho.

Kuna pia ndugu zetu wanaoishi pale ambapo vita vimeweka mamlaka moja juu ya nyingine. Huko mwenye chombo anaweza kuombwa malipo na upande mmoja, kisha akivuka akaombwa tena na upande wa pili. Kumtoza mtu mara mbili kwa mwaka mmoja na kwa chombo kimoja ni kumwonea, yeyote anayefanya hivyo. Hatumlaumu aliyelipa ili avuke salama na kuwafikia watoto wake. Tunamwambia atunze kila karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo ambayo parokia inaweza kufanya

Kwanza, tuanze nyumbani mwetu. Kila parokia, shule na kituo cha afya kilicho chini ya kanisa kitazame magari na pikipiki zake: zina asiransi? Imeisha lini? Kazi ya Bwana haiondoi hatari ya ng'ombe.

Pili, kabla ya kukodi gari la kupeleka kwaya au wamama kwenye mkutano, kamati iombe kuona asiransi na kulinganisha namba ya plake, namba ya shasi na tarehe. Mkataba wa lori la mizigo unaweza usilinde watu waliopakiwa juu ya mizigo. Tuulize mapema, kwa kuwa waimbaji 40 nyuma ya Fuso ni wana wa watu.

Tatu, idara ya vijana iwaalike wamotari jioni moja, pamoja na mtu wa shirika la asiransi lenye ruhusa ya ARCA, aeleze mkataba kwa Kiswahili: unalipa nini, haulipi nini. Vyama vinavyokusanya jeto vinaweza kuuliza kama inawezekana kununua asiransi kwa kundi na kulipa kidogo kidogo, na kuongeza ulinzi wa dereva mwenyewe.

Nne, ajali ikitokea, tufundishane hatua hizi. Majeruhi kwanza. Polisi waitwe waandike PV. Majina na simu za mashahidi zichukuliwe, pamoja na namba ya plake na ya asiransi. Karatasi zote za hospitali zitunzwe. Shirika la asiransi lijulishwe upesi kwa maandishi, kwa kuwa mikataba inaweka siku za mwisho. Na watu wasimpige dereva wala kuchoma chombo chake. Aliyeuawa na kundi hawezi kutoa maelezo, na pikipiki iliyochomwa haimlipi mgonjwa.

Tano, mchungaji au mzee wa kanisa asisimamie sahihi ya mapatano kabla daktari hajasema majeruhi amefikia wapi. Na mapatano yaseme wazi kwamba hayafuti haki ya kudai kwa asiransi.

Sita, parokia za jimbo moja zinaweza kuandika pamoja kwa bunge la jimbo, kwa heshima, na kuomba mambo matatu: bei zote za vinyeti na plake zibandikwe mahali pa wazi, mwaka ukiisha, wananchi waambiwe kodi ya magari ilileta kiasi gani na ilifanya kazi gani, na vyombo vidogo vya kutafutia chakula vitazamwe kwa kipimo cha uwezo.

Haki ya malipo haya haitakamilika kwa barua moja. Lakini kila mmoja wetu anaweza kuuliza maswali mawili anapotoa pesa: ni sheria gani inaniomba, na ni nani atasimama kwa sababu nimetoa? Swali la kwanza linatulinda sisi. La pili linamlinda yule aliyelala mtaroni, ambaye Bwana anamwita jirani yetu.

Mungu awalinde wote walio safarini wiki hii, wanaoendesha na wanaotembea kwa miguu.